Mjomba wa DULCIS

Jumatatu, 15 Januari 1979, Logiri. Upepo wa kiangazi unavuma tangu asubuhi, vumbi limeziba milima ya upande wa Kongo, na ukurasa huu nimeufuta mara mbili kwa kiganja kabla sijaandika neno.

Nyinyi vijana wa karakana mmenitumia salamu mara tatu tangu Desemba, na swali ni lile lile: Mzee Anguyo, mkono wako bado umenyooka, macho yako bado yanaona tundu la sindano, kwa nini umeacha kazi? Aliyeuliza wa kwanza nilimjibu kwamba ni mgongo. Haikuwa kweli kabisa. Mgongo unauma, lakini ulianza kuuma kabla sijawajua. Kwa hiyo naandika jibu la haki. Mimi ni mtu wa darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza; mkikuta kosa msimlaumu mwalimu wangu, alijitahidi.

Nilianza mwaka 1971, mtu mzima mwenye mvi, baada ya miaka mingi ya kuchambua majani ya tumbaku. Kifua kilikataa tumbaku. Mwalimu Onzima alikuwa na karakana ile ile mnayoijua, pale Arua, njia ya Mvara, akichora vibao vya maduka, majina kwenye milango ya malori, na misalaba ya makaburi. Miaka minane kasoro miezi si mingi. Sijui kama inatosha kuitwa kazi ya maisha. Naiita hivyo kwa sababu hakuna nyingine niliyoipenda.

Siku ya kwanza alinipa ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, yeye akashika ncha ya pili. Akauvuta juu kwa vidole viwili, akauachia. Tap! Mstari mweupe, umenyooka kabisa. Akasema, "Hiyo ndiyo kazi. Mengine yote ni rangi." Kutwa nzima tulipiga mistari kwenye mbao zisizo na mteja. Jioni nilikuwa na chaki mpaka kwenye kope, na sikujua kama nimefundishwa au nimechezewa. Mpaka leo sina hakika.

Brashi za herufi nyembamba alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za sikio la ng'ombe, akazifunga kwenye unyoya wa bata. Fimbo ya kuegemeza mkono, ile yenye kitambaa kichwani ambayo sasa mnaifukuzia mbuzi, ilikuwa ya mwalimu wake. Tafadhali iheshimuni. Na alinifundisha kukagua kibao kikiwa juu chini, kwa sababu jicho likishalijua neno linasamehe makosa yake. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza, nawapa bure.

Katika miaka mitatu ya mwanzo niliharibu vibao vitatu. Cha kwanza kilikuwa kosa langu. Cha pili ilikuwa mvua. Cha tatu nimekifikiria sana na bado siwezi kusema.

Sasa, Onzima aliwahi kukaa seminari miaka miwili. Kuhusu sababu ya kuondoka alinipa habari tatu tofauti, na kwa haki naziandika zote: homa, ndizi za padri, na msichana wa Omugo. Katika Kilatini chote alichofundishwa, alibaki na neno moja tu, neno la kusifia, DULCIS. Lakini hilo alilibakiza lote. Alinieleza kwamba kwa Kilatini sifa haikai na mkia mmoja. Inabadilisha mkia kufuatana na kazi: kama inatenda, kama inatendwa, kama inapewa, kama ni moja, kama ni nyingi, kama ni ya mtu au ya kitu. Yeye alifundishwa mikia hiyo kwa fimbo ya kiganjani, pigo moja kwa kila mkia.

Mwaka 1974 akaja Hajji Swalehe kutoka Koboko. Alikuwa anafungua hoteli ya chai, mandazi na nyama.

"Mwalimu," alisema, "mimi nataka jina ambayo mutu yoyote ya Koboko hana. Si Karibu. Karibu iko kila mahali, mpaka kwa kinyozi."

Onzima akafikiri kidogo, ingawa hakuwa na mengi ya kuchagua. "Dulcis," akasema. "Ni Kilatini. Maana yake tamu."

"Tamu ya chai ama tamu ya mutu?"

"Zote mbili. Asali, sauti, hata mtu mwenye moyo mzuri."

"Basi andika hiyo, andika kubwa."

Nilikichora mimi. Ubao wa mvule, rangi ya chini kijani, herufi nyekundu zenye kivuli cheupe. Onzima alikigeuza juu chini akakitazama muda mrefu. Kisha akasema maneno haya, ambayo niliyaandika kwenye daftari langu jioni ile ile, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka kuhakikisha nimesikia vizuri: "Utakipeleka wewe, utakipandisha wewe. Vibao vitatu vimeharibika mikononi mwako, Anguyo. Kibao hiki kikirudi hapa, na wewe unarudi Logiri kulima muhogo."

Nilikwenda Koboko juu ya lori la muhogo, nimekilaza kibao juu ya magunia na kukishika kwa mikono miwili njia nzima. Kila shimo nililiona kabla ya dereva. Nilikuwa nawaza: nikirudi na hiki, nimekwisha.

Hajji alikuwa tayari na ngazi. Lakini mlangoni, juu ya mkeka, alikaa mama yake, Bibi Zainabu, ambaye mji mzima ulimwita Haboba, yaani bibi kwa lugha yao ya Kinubi. Nilipokaribia akainua mkono.

"Wewe fundi. Hii iko nani?"

"Si mtu, Haboba. Ni neno."

"Neno haina watu yake?"

"Mama," Hajji akasema, "iko kibao tu."

"Kibao iko mbao. Mbao mimi najua, iko mvule, inatoka Congo. Mimi nauliza hii inalala juu ya mbao." Akanigeukia. "Baba yangu alikuja hapa na bunduki ya serikali, kutoka Sudani. Watu ya hapa wakauliza, wewe iko mutoto ya nani? Hakuna mutu ya kusimama kwa yeye. Alikaa inje ya mji mwaka mzima, na bunduki yake. Basi katika nyumba hii mugeni anaingia na mutu ya kusimama kwa yeye. Kama hana, analala inje. Na wewe unataka kuweka mugeni juu ya kichwa yangu?"

Kwa haki lazima niseme, sikuona kosa katika maneno yake. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Hajji alinivuta pembeni. "Fundi, mimi siwezi kupita mama. Leta watu ya hii neno, ama rudisha kibao."

Dereva wa lori alikuwa anarudi Arua, nikampa ujumbe kwa Onzima: njoo, neno lako linaulizwa ukoo. Kesho yake mchana Onzima alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa tai yake ya pekee. Hakunisalimia.

Mikeka ilitandikwa mbele ya hoteli. Majirani wakajaa, maana hakuna aliyewahi kuona neno likiulizwa habari za kwao. Kibao kiliegemezwa kwenye kiti, kimefunikwa kitambaa kama bibi arusi. Onzima akasimama, akanyoosha viganja vyote viwili mbele. Nadhani hakujua kwamba amevinyoosha. Ndivyo alivyojifunza.

"Dulcis," akasema, na viganja vikashtuka kama vimeguswa na fimbo.

"Huyo iko kubwa yao?" Haboba akauliza.

"Ndiye anayetenda. Wa pili naye anaitwa Dulcis, huyo ni mwenye mali."

"Jina moja na kubwa yake?"

"Jina moja, kazi mbali. Halafu Dulci, huyo anapewa. Dulcem, huyo anatendwa."

"Anatendwa nini?"

"Chochote. Anapigwa, anapendwa, anabebwa. Halafu Dulci mwingine, huyo wanamwondokea."

"Ngoja. Dulci moja anapewa, na Dulci ingine watu wanakimbia yeye?"

"Ndiyo, Haboba."

"Nyumba hiyo mimi najua," alisema Haboba, na wanawake wote wakacheka.

Onzima aliendelea na walio wengi: Dulces, Dulcium, Dulcibus. Kisha wale wa vitu visivyo na roho, Dulce na Dulcia, ambao Haboba aliwaita watoto wa mke mdogo. Kila jina viganja vilishtuka. Haboba alihesabu kwa vidole, akapata majina manane tofauti.

"Mume ama muke?"

"Dulcis anakaa na wote wawili sawasawa."

"Hiyo iko mutoto muzuri. Sasa sema baba yake."

Hapo Onzima akashusha mikono. Angeweza kudanganya. Angesema jina lolote, nani angejua? Hakudanganya, na naliandika hilo kwa heshima yake, hasa kwa kuwa nyuma nimeandika habari za ndizi.

"Padri alituambia baba hajulikani sawasawa," akasema. "Ni neno la zamani sana. Lina ndugu kwa Wagiriki, wanafanana kidogo sura."

"Mugiriki? Kama yule ya Aru, kule Congo, alikuwa nauza samaki ya chumvi?"

"Kabila lake, ndiyo."

"Yule alikuwa mutu ya kelele." Haboba akakunja vidole alivyohesabia. "Basi mutoto hana baba."

Watu wakanong'ona. Hajji akalaza ngazi chini. Ngazi ile ilipogusa ardhi, mimi nilisikia jembe la Logiri.

"Kukosa baba si kitu," Haboba akasema. "Dunia iko nao wengi. Lakini mama lazima iko. Mama yake iko huyo Latini?"

"Ndiyo. Ni Latini."

"Basi ndugu ya mama iko wapi? Mujomba asimame."

Hakuna aliyesimama. Inzi walitembea kwenye kitambaa. Sasa niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuwaambia pale karakana. Mimi pia nililelewa na wajomba, hapa hapa Logiri. Jina la baba yangu mama hakulitaja mpaka anakufa. Nilipotaka kuoa, mkubwa wa wajomba zangu alisimama mbele ya wakwe akasema, huyu ni wetu. Hakuongeza neno. Sijui kama nilikuwa nawaza hayo wakati ule. Najua tu kwamba nilikuta nimesimama.

"Mimi," nikasema.

Onzima alinitazama kama anavyotazama herufi M yenye mguu uliopinda.

"Wewe nani yake?"

"Mjomba wake, Haboba. Nimemchora kwa mkono huu. Nimemshika njia nzima asianguke."

"Wewe iko Mulatini?"

"Mimi ni Mlugbara wa Logiri."

"Na Latini iko karibu na Logiri?"

"Upande ule ule," nikasema. "Mbele kidogo."

Hiyo haikuwa haki. Nimeijutia mara nyingi. Lakini kwa kweli sikujua Latini iko wapi, kwa hiyo sikuwa na hakika kwamba ni uongo.

Haboba alipiga kigelegele. Kibao kikapanda, nikakipigilia misumari mwenyewe. Akachinjwa mbuzi, nikapewa kidari, kwa kuwa ni sehemu ya mjomba. Onzima alipewa shingo. Alikuwa amepiga baiskeli kutoka Arua mpaka Koboko, na kwa maoni yangu alistahili zaidi.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe ujomba si kazi ya siku moja. Sukari ilianza kupotea madukani, kwanza kidogo, halafu kabisa, na siku moja ujumbe ukafika karakana: "Mujomba, njoo. Mutoto yako anasema uongo." Wateja wa Hajji walikuwa wanakaa chini ya neno tamu, wanakunywa chai ya chumvi. Nikaenda. Haboba alikuwa mlangoni pake.

"Mukanye," akasema.

Nikapanda ngazi mbele ya wateja, nikamkanya. "Dulcis," nikasema, "umeletwa hapa kwa heshima. Ulisimamiwa. Sasa watu wanakusoma, wanakunywa chumvi. Unanitia aibu." Kisha nikanyamaza, kwa sababu si haki kumgombeza mtu bila kumpa nafasi ya kujibu.

Fundi cherehani mmoja akajibu kwa niaba yake kutoka meza ya nyuma: "Mujomba, mimi iko sifa tu. Sukari muulize waziri."

Hakuna aliyecheka; siku zile waziri hakutajwa mbele za watu. Watu walikunywa chai yao upesi wakatawanyika, na fundi yule hakuonekana hotelini miezi miwili. Baadaye alirudi, mzima, ila alikuwa anakunywa maji.

Niliitwa mara nyingine. Niliitwa rangi ilipopauka, ikasemwa mtoto anaumwa. Nikampaka upya, na hapo jifunzeni kwamba nyekundu huchoka kabla ya rangi zote, msiichanganye na mafuta mengi. Niliitwa binti ya Hajji alipoolewa, nikakaa upande wa ndugu. Na mwaka 1977 niliitwa nipongezwe. Nyuki walikuwa wameingia nyuma ya kibao, kati ya mbao na ukuta, wakajenga. Haboba alikataza wasifukuzwe. Kwa majuma kadhaa hoteli ya Hajji peke yake, Koboko nzima, ilitoa chai yenye asali, iliyotoka nyuma ya neno lenyewe. Wateja wawili waliumwa na nyuki, mmoja kwenye mdomo, na hakuna aliyelalamika. "Umeona?" Haboba akaniambia. "Ulimukanya, akasikia."

Mimi siamini kwamba kibao kinasikia. Lakini nilimkanya, na asali ikaja. Naandika tu yaliyotokea.

Haboba alifariki mvua za mwaka jana. Ngano ilikuwa imekwisha, majani ya chai yamekwisha, na mwezi Desemba Hajji alizima moto wa hoteli. Mlimwona alipokuja karakana. Alikuwa amebeba kitu kirefu kimefungwa kwa shuka ya mama yake, na mkononi kopo dogo.

"Mujomba," alisema, "mama aliacha neno. Mutoto kama kazi yake imekwisha, anarudi kwa mujomba. Si kufukuzwa. Mimi namuleta na heshima. Na hii kopo iko asali yake, ya mwisho."

Nilikaa juu ya debe la rangi. Mlidhani namlilia Haboba, na nusu ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni hii: kibao kilikuwa kimerudi.

Mlipokwenda kula, nilimwendea Onzima. Nikamkumbusha.

"Nilisema hivyo?" akauliza.

"Ulisema. Iko kwenye daftari."

"Nilikuwa nakutisha."

"Hukusema kwamba unanitisha. Ningeandika."

"Basi futa."

"Ni wino, Mwalimu."

"Anguyo, umekuwa kichaa? Miaka minne na zaidi!"

"Hukusema muda."

Alifungua shuka. Akakigeuza kibao juu chini, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua tatu na macho yake mabovu, akakitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Hakina kosa hata moja," akasema. Hakuwahi kuniambia hivyo. Akakaa. "Hata moja. Sasa kaa kazini."

Nimelipima jambo hili pande zote mbili. Kwa upande wake, hakika alikusudia kibao kirudi kwa ubaya, na hiki kilirudi kwa wema. Kwa upande wangu, hakusema kikirudi kwa ubaya. Alisema kikirudi. Lakini niwe mkweli kwenu, daftari peke yake nisingelifuata. Kulikuwa na jambo jingine. Nilikitazama pale ukutani, katikati ya vibao vya wenye maduka, kila kimoja kina mwenyewe anayekingoja, nacho hakina. Mtoto amerudishwa kwa mjomba. Kwa mjomba si karakana. Kwa mjomba ni Logiri. Mimi nilijua njia, kwa sababu nililetwa hivyo hivyo.

Onzima alinipa ule uzi wa chaki. Nimeutundika hapa juu ya mlango. Fimbo nimewaachia nyinyi.

Tulihamia Jumamosi. Mke wangu, Mama Candia, hajamaliza kushangaa. "Umeacha kazi kwa ajili ya daftari?" ameniuliza tena leo, akipepeta.

"Kwa ajili ya mpwa," nikamjibu.

Amekitazama kibao kilichoegemea ukutani, akanitazama mimi, akaendelea kupepeta.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na ulezi, samaki mkavu, na majani ya kunde kwa simsim. Mama Candia amepakua sahani tatu. Ya tatu ameiweka chini ya kibao, juu yake amemimina ile asali ya kopo yote, kwa sababu kwao Terego mpwa aliyerudi hakai bila chakula. Tumemsubiri muda wa haki. Hakugusa. "Ana haya, siku za kwanza," amesema mke wangu, akanisogezea sahani. Nimeila mimi. Ilikuwa tamu, na hilo naliandika bila shaka yoyote.